Uzamivu wa hadubini ni ajira, tuuombe kama ajira

Msimu wa maombi ukifika, kuanzia Septemba mpaka Januari hivi, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wetu wa sayansi hujaa matangazo. Karibu yote yamepigiwa mstari maneno mawili: ufadhili kamili. Mtu hasomi zaidi ya hapo. Anawasambazia wenzake, anaifungua CV ya mwaka jana, anabadilisha jina la chuo kwenye barua na kutuma. Jibu likija, kama litakuja, ni sentensi mbili za kumshukuru kwa kuomba na kumtakia kila la heri.

Kuna aina moja ya nafasi hizi ambayo naona inatupita bure: utafiti wa uzamivu (PhD) kwenye hadubini za fluoresensi, zinazoonyesha vitu kwa kuvifanya ving'ae vikimulikwa, hasa zile zinazotazama seli zikiwa hai. Ni uwanja ambao Ulaya, na hasa Ujerumani, hutafuta watu mwaka mzima. Ukilisoma tangazo lake kwa utulivu utaona kwamba halina harufu yoyote ya msaada. Ni tangazo la kazi, lenye daraja la mshahara na siku za likizo.

Chukua tangazo la kawaida la maabara ya chuo kikuu cha Ujerumani. Huko chini, baada ya maelezo marefu ya mradi, pameandikwa "TV-L E13, 65%". Wengi wetu hupita hapo bila kusoma, kama vile ni namba ya kumbukumbu ya barua. Kumbe habari yenyewe iko hapo. TV-L ni makubaliano ya mishahara ya watumishi wa umma wa majimbo. E13 ni daraja la mtu mwenye shahada ya uzamili. Asilimia 65 ni kiasi cha muda wa kazi utakaolipwa. (Asilimia 35 iliyobaki utaifanya pia, sana sana usiku. Hakuna atakayekulipa, na hilo ni vizuri ulijue kabla ya kupanda ndege.) Unakatwa kodi, unachangia pensheni, una bima ya afya. Taasisi za utafiti za Max Planck, za hukohuko Ujerumani, tangu 2015 zimewapa watafiti wao wa uzamivu mikataba badala ya posho za ufadhili. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipiwa na Umoja wa Ulaya, nayo inaajiri kwa mkataba, kwa kawaida wa miezi 36, na haijali pasi yako ni ya nchi gani.

Mwajiri na mfadhili hawaisomi barua kwa jicho moja. Mfadhili anauliza kama unastahili kusaidiwa. Mwajiri ana mashine ya mamilioni ya shilingi imekaa chumbani na anauliza nani atakayekaa nayo. Nimewahi kuombwa na vijana niwapitie barua zao, na karibu zote zimeandikiwa yule wa kwanza: familia ilivyojinyima, kijiji kilivyo mbali na hospitali, ndoto ya tangu utotoni. Yote ya kweli, na yote yanasomwa na mtu anayetafuta neno moja tu linaloonyesha kwamba mwombaji anajua kazi inayomsubiri.

Basi tuiangalie hiyo kazi.

Chumba ni kidogo na kina giza. Hadubini imezungushiwa kasha la plastiki ngumu ambalo ndani yake joto ni nyuzi 37, na hewa yenye asilimia 5 ya kabonidioksidi inapita taratibu ili seli zisijue kwamba zimetolewa nyumbani kwao. Zimekaa kwenye kisahani ambacho chini yake kuna kioo chenye unene wa milimita 0.17, kwa kuwa lenzi imetengenezwa kwa unene huo na si mwingine. Seli zimepewa jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani, iliyounganishwa na protini ile unayotaka kuifuatilia. Unawasha leza ya buluu, protini inarudisha kijani, kamera inapiga. Unaipangia kompyuta ipige picha moja kila nusu dakika mpaka asubuhi, unafunga mlango.

Asubuhi unakuta mojawapo ya mambo matatu. Ama seli imegawanyika mbele ya kamera na una filamu ya kuonyesha kwenye kikao cha Jumatatu. Ama kiyoyozi kiliwaka saa nane usiku, chuma cha hadubini kikasinyaa mikromita moja au mbili (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na picha zote baada ya hapo ni ukungu mtupu. Ama seli zimejiviringa, utando umetoka mapovu, na zimekufa. Zimeuawa na wewe. Mwanga unaozifanya zionekane hugusa molekyuli zile zinazong'aa, nazo huzalisha oksijeni kali inayoharibu kila kilicho karibu. Kila picha ina gharama yake kwa seli. Ukipunguza mwanga, picha inajaa chengachenga. Ukiongeza, unapata picha safi ya seli inayokufa, na ubaya ni kwamba seli inayokufa polepole haitangazi kifo chake. Inaendelea kutembeza vitu ndani yake, ila kwa namna ambayo si ya afya, na mtafiti asiye makini anakwenda kuandika makala nzima kuhusu tabia ya seli iliyounguzwa.

Mtu aliyeielewa kazi hii atakuambia kwamba kipimo cha kwanza ni kuweka kando seli za kisahani kilekile ambazo hazikumulikwa, kisha kulinganisha: zimegawanyika kwa kasi moja na zile zilizopigwa picha? Mwombaji akilisema hilo kwenye usaili, hata kama hajawahi kugusa hadubini ya leza, wanaomsikiliza wataacha kuangalia saa. Nalo linajulikana kwa kusoma tu, halihitaji nauli.

Jambo jingine tunalolikosea ni nani anayefaa. Tumezoea kudhani kwamba chochote chenye neno seli ni cha watu wa biolojia na udaktari. Hadubini za kisasa zimejengwa zaidi na wanafizikia. Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwa nini hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana chini ya takribani nanomita 200 (mikromita 0.2), na ukuta huo ulisimama zaidi ya karne moja. Stefan Hell, aliyeuvunja, alisomea fizikia Heidelberg, akakosa nafasi ya kudumu Ujerumani, akaenda Turku, Finland, na huko ndiko alikoandika wazo lake mwaka 1994. Eric Betzig aliacha sayansi kabisa akafanya kazi kwenye kampuni ya baba yake ya mashine za kiwandani huko Michigan. Aliporudi, yeye na Harald Hess waliunda hadubini yao sebuleni kwa Hess. Hell na Betzig walipata Nobel ya kemia mwaka 2014 pamoja na William Moerner. Na mwaka 2004 huko Heidelberg, kwenye EMBL, maabara ya Ulaya ya biolojia ya molekyuli, kundi la Ernst Stelzer lilionyesha mtindo wa kumulika kiumbe hai kwa ubapa mwembamba wa mwanga kutoka ubavuni, ili sehemu isiyopigwa picha isiunguzwe bure. Mwandishi wa kwanza wa makala ile, Jan Huisken, alikuwa mtafiti wa uzamivu. Hadubini nyingi zinazotazama viinitete vikikua leo zinafuata njia hiyo.

Mhitimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Nairobi anayewaza ama kufundisha sekondari ama kuomba kazi benki ana sifa za kuingia humu kuliko anavyodhani. Vivyo hivyo mhandisi wa elektroniki na mtu wa kompyuta. Hadubini ya ubapa wa mwanga inaweza kuzalisha terabaiti za picha kwa jaribio moja, na maabara nyingi zina picha nyingi kuliko watu wa kuzichambua. Ningekuwa na mdogo wangu anayejua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, leo ningemsukuma kwenye mlango huo kabla ya mwingine wowote.

Mlango huo una sifa nyingine: unaweza kuanza kuusukuma ukiwa hapahapa. Programu ya Fiji ya kuchambua picha, inayotumiwa na karibu kila maabara ya hadubini duniani, ni ya bure na inakaa kwenye laptop ya kawaida. Cellpose, inayochora mipaka ya seli moja moja kwenye picha, nayo ni huria. Hifadhi kama Image Data Resource na BioImage Archive zimeweka wazi picha halisi za tafiti zilizochapishwa, pamoja na maelezo ya jinsi zilivyopigwa. Mtu anaweza kukaa Morogoro, akapakua seti moja ndogo usiku bando linapokuwa nafuu, akahesabu upya kilichohesabiwa na waandishi, akaona kama anapata jibu lao. Akiweka kazi hiyo mtandaoni pamoja na programu aliyoiandika, ana kitu cha kuonyesha kinachozidi kwa mbali cheti cha semina ya siku mbili.

Kuna kundi jingine linalojidharau bila sababu: wataalamu wa maabara za hospitali. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri hadubini za fluoresensi zenye taa za LED zitumike kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na zilifika hata kwenye hospitali zetu za wilaya. Mtu aliyekaa miaka akitia makohozi rangi ya auramine, akitafuta vijiti vinavyong'aa kwenye uwanja mweusi, ameshajua rangi inavyofifia ukichelewa, jinsi lenzi chafu inavyodanganya, na namna macho yanavyochoka na kuona visivyokuwepo. Kweli, bakteria zile zimekufa na kukaushwa, na kati yake na seli hai pana safari. Lakini kwenye CV yake ameandika "kazi za kawaida za maabara". Aandike alichofanya.

Sasa kwenye suala la mada, ambapo naweza kubishiwa. Wapo wanaoamini kwamba sisi tuna tiketi tayari, kwa sababu magonjwa yanayochunguzwa ni ya kwetu. Na ni kweli kwamba ukizunguka kwenye maabara hizo utajikuta nyumbani kwa namna ya ajabu. Heidelberg wanafuga mbu na kutazama vimelea vya malaria vya panya vilivyotiwa GFP vikizunguka kwenye kioo kwa mwendo wa mikromita moja hadi mbili kwa sekunde. Würzburg, ndani ya Bavaria kabisa, wanafuga mbung'o na kufuatilia vimelea vya malale vinavyoogelea kwenye utumbo wa inzi huyo. Mtoto wa Kigoma au Serengeti anaweza kukutana na mbung'o aliyezaliwa Ujerumani.

Lakini kutoka kwenye nchi yenye ugonjwa si ujuzi wa ugonjwa. Barua inayoanza kwa kusema malaria imeua ndugu zangu inaamsha huruma, na huruma haina daraja E13. Kinachobeba uzito ni swali. Mfano mzuri ulitoka pwani ya Kenya. Mwaka 2020 Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, pamoja na wenzake wa Cambridge, walichapisha kwenye jarida la Nature kazi kuhusu kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo huwakinga watoto na malaria kali. Ilishajulikana kwamba linakinga. Haikujulikana kwa nini. Walitumia damu ya watoto 42 wenye afya wa Kilifi na video za hadubini za vimelea vikijaribu kupenya seli nyekundu. Jibu halikuwa la kikemia kama wengi wangetarajia. Utando wa seli zenye Dantu umekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri, na ukikazwa kupita kiwango fulani kimelea kinashindwa kuingia. Swali lilizaliwa kwa watu waliowajua watoto wale kwa miaka. Mbinu za kupima mkazo wa utando zilikuwa Cambridge. Hapo ndipo mtu wa kwetu ana nguvu, akijua swali ambalo mwenye mashine hajalifikiria. Na kimelea kinachopenya seli nyekundu kina urefu wa mikromita moja na kitu, mara chache tu ya kikomo cha Abbe, kwa hiyo kila hatua ya mbele kwenye hadubini inafungua maswali mapya ya malaria.

Kuhusu nchi nitapita haraka, maana kila moja ina utaratibu wake na mtu anaweza kuusoma mwenyewe. Marekani huchukua watu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, maombi hufungwa karibu na Desemba, na vyuo vingi hutoza ada ya maombi ambayo unaweza kuomba usamehewe. Uingereza, nafasi zinazolipiwa na mabaraza yake ya utafiti zilifunguliwa kwa wageni mwaka 2021, ila kwa kikomo cha asilimia 30 tu ya nafasi. EMBL, na shule za utafiti za Max Planck ziitwazo IMPRS, huita watu kwa usaili wa pamoja, na hapo unakutana na viongozi wengi wa maabara kwa mpigo. Nitasimama kidogo kwenye sharti moja la Marie Skłodowska-Curie kwa sababu linawaumiza wasiolijua: huruhusiwi kuwa umeishi au kufanya kazi kwenye nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kijana aliyemaliza uzamili wa miaka miwili Ujerumani akabaki huko kusubiri nafasi amejifungia nafasi za Ujerumani kwenye mtandao huo, ingawa za Uholanzi au Uswidi bado ziko wazi kwake. Aliyebaki Mbeya ana nchi zote mkononi.

Ukiitwa kwenye usaili, na wewe una haki ya kuuliza. Mkataba ni wa miaka mingapi, na watafiti waliopita kwenye maabara hii walimaliza kwa miaka mingapi? Kama mkataba ni mitatu na wote walimaliza kwa minne na nusu, nani alilipa tofauti? Watu wanaona aibu kuuliza hela. Historia ya GFP yenyewe ingetosha kuwatoa aibu. Osamu Shimomura aliitoa protini hiyo kwenye yavuyavu wa Pasifiki na kuitangaza mwaka 1962. Aliyeipata jeni yake, mwaka 1992, ni Douglas Prasher wa Woods Hole, Marekani. Fedha za utafiti zilimwishia. Kabla ya kuondoka akawatumia jeni hiyo Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipopewa Nobel, Prasher alikuwa akiendesha gari la kuwapeleka na kuwarudisha wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Hakuwa mwanasayansi hafifu. Ruzuku ilikwisha kabla ya kazi.

Halafu kuna kurudi. Hapa lawama huwa tunawatupia vijana, kwamba wakishaonja Ulaya hawarudi. Warudi wafanye nini? Hadubini ya leza inadai umeme usioyumba, chumba kisicho na vumbi, na mkataba wa matengenezo ambao vyuo vyetu vingi havikuuwekea bajeti siku mashine ilipopokelewa kwa utepe na picha za waandishi wa habari. Nimeona moja imefunikwa shuka. Hata hivyo hali si ile ya miaka kumi iliyopita. Africa Microscopy Initiative ina kituo kwenye Chuo Kikuu cha Cape Town ambacho watafiti waliopo Afrika hutumia mashine zake bila kutozwa ada. Mafundi wa Dar es Salaam na watafiti wa Ifakara wameshiriki kwenye mradi wa OpenFlexure, hadubini ambayo sehemu zake huchapishwa kwa printa ya 3D na ikiharibika unachapisha nyingine. Haifiki kiwango cha Heidelberg, lakini fundi wake yuko Dar na hahitaji viza.

Mimi ningemshauri mwombaji asiache suala la kurudi mpaka mwaka wa mwisho. Alilete kwenye usaili. Mitandao ya Marie Skłodowska-Curie humruhusu mtafiti kukaa kwa muda kwenye taasisi mshirika, na mshirika huyo anaweza kuwa wa nchi yoyote. Pendekeza Muhimbili, ambako kliniki ya selimundu imefuatilia wagonjwa wengi kwa miaka mingi. Pendekeza Kilifi. Watakaokuajiri wana sababu yao wenyewe ya kukubali, na unaweza kuwatajia: damu iliyogandishwa na kuyeyushwa imeshabadilika, seli ya mgonjwa inaanza kugeuka tangu dakika inapotoka kwenye mshipa, na seli nyekundu ya mtoto wa Temeke ikijipinda kwa kukosa oksijeni inafaa itazamwe karibu na mtoto mwenyewe. Maabara ya Göttingen, Ujerumani, haiwezi kujipatia sampuli hiyo peke yake. Inahitaji mtu anayejua kuweka nyuzi 37 kwenye kasha, anayejua kuongea na mama wa mtoto kwa Kiswahili, na ambaye jina lake limo kwenye mkataba.